Hodi, Anwani ya Kumi na Mbili

Tartu, saa nane za usiku.
Mto Emajõgi umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
nami nimeketi na koti mabegani
mbele ya kioo cheusi chenye alama moja
inayopepesa kama jicho la mtu aliyekataa kulala.

Sina vitufe. Sina picha za kugusa.
Nina mstari mmoja.
Naandika, nangoja, nasoma.
Vyombo vyenyewe viko ghorofa mbili chini ya miguu yangu,
katika chumba ambacho pampu yake hukohoa
na ambacho hakiingiwi usiku,
maana hata unyayo wa soksi huitikisa sampuli.

Hodi kwanza, shida baadaye.
Nyota, herufi tatu, kiulizo:
wewe ni nani?
Anwani ya tano hujibu upesi, kama mtoto wa darasa la kwanza:
kiwanda, aina, namba ya kuzaliwa.
Ya tisa vilevile.
Ya kumi na mbili, kimya.

Nangoja.
Kioo kinasema muda umekwisha.
Narudia. Kimya.
Narudia kwa herufi kubwa,
kana kwamba kiziwi husikia zaidi ukimkunjia uso.
Kimya.

Nafungua daftari la Heino Lepasaar,
jalada la kijani, duara la kikombe cha chai juu ya ukurasa.
Kuhusu kumi na mbili ameandika kwa penseli:
*Huyu mzee ana adabu. Hamkatizi anayesema.
Usipofunga sentensi, atakungoja mpaka kiama.*

Natazama mpangilio. Mwisho wa mstari: hakuna kitu.
Kertu aliuchezea jana,
kisha akapanda basi la Pärnu kwenda harusi ya dada yake.
Basi muda wote huu nimekuwa nikisema
bila kumaliza,
na mzee kule chini ameinamisha kichwa, anangoja nikite nukta.

Naongeza herufi ile isiyoonekana, inayoshusha mstari.
Kwanza ananigombeza: kosa la sarufi.
Alikuwa amezikusanya hodi zangu tatu
akazisoma kama neno moja refu la kichaa.
Nafuta. Nauliza tena, taratibu.
Anajitaja. Ana miaka thelathini na mmoja,
ananizidi miwili.

Ningeweza kuandika programu ifanye haya yote, nikalale.
Heino alikataa. Mkono kwanza, alisema,
mdomo umejaa mkate mweusi,
ujue kila mmoja anavyovuta pumzi,
ndipo umwachie mashine.

Shusha hadi kelvini nne.
Ukinzani?
Omu kumi na mbili nukta sita.
Shusha, tatu na nusu.
Ukinzani?
Kumi na moja.
Shusha. Shusha.
Utando huu mweusi Kertu ameupika wiki tatu,
na hamu yetu sote ni namba moja tu,
ile ya mviringo, isiyo na kitu ndani.

Mbili nukta nane: umeporomoka! Nasimama, koti linaanguka.
Sifuri nukta sifuri tatu moja.
Nauliza tena. Sifuri nukta sifuri tatu moja.
Nageuza mkondo upite kinyume, napunguza nusu,
nauliza kwa upole, nauliza kwa hasira.
Tatu moja.
Vyombo havijui kumfariji mtu.

Saa kumi na moja sasa. Gari la kuondoa theluji linapita Riia,
taa yake ya chungwa inazunguka ukutani.
Naandika 0.031 daftarini, chini ya mwandiko wa Heino,
na tarehe, na neno *harusi*, ili Kertu ajue lini.

Kisha nazima mkondo.
Na kwa kuwa amri si hakika, nauliza:
bado unapita?

Jibu linakuja mara moja, peke yake mstarini,
sifuri pekee ya usiku mzima:

0