Nafasi ya Kumi na Nne

Walianza na kokoto. Malori usiku kucha
yakikata kona ya Barabara ya Kumi na Tano,
na asubuhi kanzu ya Mhando kambani
imeshika rangi ya sementi.
Tukasema si neno, uwanja ni wetu,
wageni watakuja, watakunywa chai.

Kisha akaja kijana na ndoo ya chokaa,
akainama, akachora mistari na namba
toka msikitini hadi kwa fundi baiskeli.
Kizingiti cha Bi Mwanshehe, alipokaangia vitumbua,
kikaangukia kumi na nne. Elfu mbili kwa mechi.
"Leo nina bei," akacheka, "na mume wangu hakuijua."

Jumamosi ya mechi ya kwanza alifariki alfajiri.
Alasiri tulipomtoa
mtaa ulikuwa bati, mlango kwa mlango.
Tukaliinua jeneza juu ya vioo,
tukapita ubavu ubavu, tumebana pumzi,
mpaka goti la Shembilu likagusa gari jeupe
nalo likaanza kulia.
Likalia kuliko wafiwa.
Nyuma ya ukuta uwanja mzima ukanguruma: goli!
Hakuna aliyeuliza nani kafunga.

Matanga yalipoanuliwa
binti yake Saumu akateremsha jiko
katikati ya mistari, akapuliza mkaa.
Kijana wa risiti akasimama mbele yake:
"Hapa ni elfu mbili, dada."
Akamhesabia vitumbua vya elfu mbili,
vya moto,
mkononi.