Kigingi cha Saba

Siku ya mirathi ami zangu walipata tambarare.
Baba akabaki na hili bega la mlima, juu ya Mkoani,
mita tisa za kushuka toka njia ya juu mpaka mgomba wa mwisho,
udongo mwekundu, unashika kiatu kama mdai.
"Mbuzi ukimfunga hapa," Kombo alisema,
"hulala kasimama."
Nikacheka naye. Kisha nikafungua mkoba:
kamba, pima maji, vigingi kumi na viwili.

Nilichora usiku, umeme ukikatika na kurudi.
Kila mstari ni nusu mita ya mteremko.
Ilipobanana kama mikunjo ya kanga mpya
nilijua pale masika hayatabisha hodi.
Nikaapa, mlima siukati.
Ukiukata hukaa kimya miaka miwili, mitatu,
kisha hukujibu kwa tope, usiku, chumba cha watoto.
Nyumba itasimama kwa miguu yake:
nguzo kumi na nne za msaji, kila moja na kiatu cha zege,
na kofia ya bati shingoni,
mchwa akipanda arudi na njaa yake.

Baba aliushika mchoro kama barua ya mahakama.
"Mbao?"
"Mbao, baba."
"La mbao ni banda la kuku. Mtu hujenga tofali,
wapitao waseme, naam, Shaame kajenga."
Nikamhesabia: tofali elfu tatu,
na njia yenyewe hata toroli haipiti.
"Na hizo mbao zinashuka zenyewe?"
Akamalizia chai yake, akaenda kuswali.

Mama hakuuliza habari ya mbao.
Aliweka kidole penye weupe wa karatasi:
"Karafuu tutaanika wapi?"
Vyumba vitatu nilivichora, na tangi la maji ya mvua,
na dirisha refu la kuvuta upepo wa bondeni.
Jua sikulichora.
Miaka sita ya chuo, na sikulichora jua.
Basi nikaitoa sakafu nje ya ukuta, ielee juu ya migomba,
mita sita kwa nane, hakuna mti wa kuitia kivuli,
mwanya wa ubao na ubao mwembamba kuliko kikonyo.
Mama akanusa karatasi, kwa mzaha,
akasema mwaka huu zitakuwa nyingi.

Ijumaa asubuhi nikakuta kigingi cha saba kimehama.
Hatua mbili, kuelekea njia ya juu.
Umande umevurugwa, na nyayo ni za makubadhi
ninayoyajua.
Nyumbani nikauliza. Raya akatazama sahani yake.
Baba akamega mkate wa kumimina, polepole.
"Ngazi zako zinapinda."
"Mteremko ndio unaozipinda, baba."
"Jeneza halipindi."

Nikakumbuka. Bi Mwanakheri, yule wa bondeni,
walimtoa kwa dirishani, wanaume wanne chini
wakimpokea kwa mikono iliyonyooshwa, mvua ikinyesha,
na mmoja wao, shati limemganda mgongoni,
alikuwa huyu anayemega mkate.
Nyumba yake ilikuwa ya tofali.

Nikafuta pembe yote. Karatasi ikachubuka.
Sasa mtu ataingilia juu, kwa daraja la mbao,
kutoka njiani moja kwa moja mpaka ukumbini,
mita mbili upana, bila kidato hata kimoja:
goti bovu la mama lipite, na magunia,
baiskeli ya Nasriya ya magurudumu matatu,
kitanda cha Raya siku atakayoolewa,
na lile jingine, kwa wakati wake,
mabegani, limenyooka.

Baba hajasema ndiyo.
Ila Khatibu wa dukani ananiambia
jana alisimama pale kitambo kirefu
akiuliza bei ya skrubu za inchi nne,
zile zisizoshika kutu,
akisema ni za jirani.