Kazi ya Nne

Kazi ya kwanza ilikuwa "ndege wa jiji."
Sote kumi na saba tukaenda Nyayo,
tukapiga korongo wale wale kwenye migunga ile ile,
wenye vipara kama makarani waliostaafu.
Mwalimu Chelagat alizitandaza picha mezani
akauliza: ni nani kati yenu aliyemwona ndege?
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Ya pili, kivuli. Ya tatu, mwendo:
mkono ulinitetemeka, nikasema ni makusudi,
nikapewa sita juu ya kumi.

Kamera ni ya chuo. Tunaigawana watatu:
Jumatatu Barasa, Jumatano Hafswa,
mimi Ijumaa jioni hadi Jumapili.
Kamba yake ilikatika, imeshonwa kwa uzi wa fundi viatu.
Cha kuazima hakisitiri matako, wanasema,
ila hiki kikining'inia shingoni
hata askari wa kanjo hunisalimu kwanza:
Madam, wewe ni wa gazeti?

Kazi ya nne: *sura ya mtu, pasipo uso.*

Wiki nzima nilipiga migongo.
Nikapiga viatu mlangoni, ndala iliyolika upande mmoja,
miwani ya baba juu ya redio.
Mwalimu alizipitisha kwa kidole, haraka,
kama mtu anayechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.
"Hivi ni vitu," akasema. "Mtu yuko wapi?"

Jumamosi nikashuka Gikomba kwa Mbula, muuza makoti.
Robota hufunguliwa saa kumi na mbili,
na kabla ya pasi, kabla ya bei,
yeye hupekua mifuko.
"Siuzi koti na siri ya mwenyewe ndani," alinieleza,
akanitolea mkebe wa Kimbo, mzito, unaolia.

Tiketi ya treni, kwa lugha nisiyoijua.
Kijiwe laini. Glavu moja, ya mkono wa kushoto.
Orodha ya dukani: maneno sikuyaelewa,
lakini kitu cha mwisho kilikatwa mistari miwili,
na kukosa pesa nakujua katika lugha yoyote.
Ufunguo.
Na ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne,
jino la mtoto.

Nikaomba sinia, nikaligeuza tumbo chini.
Mwanga ulikuwa mmoja tu, wa tundu la msumari kwenye bati,
basi Mbula akashika kamisi nyeupe kuurudisha,
huku akiwafokea wateja: ngojeni, tunapigwa picha!
Nilipunguza kasi. Nikabana pumzi.
Kijiwe. Glavu. Ufunguo, mara tatu,
maana kilichong'aa sana kilificha meno yake.

Nilipofika kwenye jino, skrini ikaandika:
*Kumbukumbu imejaa.*

Za Barasa sikuzigusa, wala harusi ya dada yake Hafswa.
Nikarudi nyuma kwenye zangu,
nikawafuta korongo mmoja baada ya mwingine,
na hapo ndipo waliporuka.
Kwenye miwani ya baba kidole kikasita.
Nikaipita.

"Huyu alikuwa na mama wa kuweka," Mbula akasema,
akilisogeza jino kwa ncha ya ukucha.
"Kisha akaligawa koti?"
"Pengine koti liligawiwa na wengine."
Hatukuendelea.
Nikapiga.

Ijumaa Mwalimu hakuuliza habari za lenzi,
wala kwa nini pembe ya kushoto ina giza.
Alikaa na ile picha mpaka Hafswa akakohoa.
Kisha, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia darasani:
"Angekuwa na miaka mingapi sasa?"
Sikujua. Hakuniandikia alama; labda alisahau.

Nilimpelekea Mbula nakala, shilingi hamsini kwa kila moja.
Jino hakulitaka.
Aliutaka ufunguo, akaubandika juu ya mizani,
palipo na msongamano, watu wote waone.
"Mwenyewe akija," akasema,
akarudi kukung'uta makoti.