Masafa

Thurso, saa nne usiku, mvua inakwenda upande.
Effie Gunn kaniachia ufunguo wa kibanda na onyo:
mbingu haidaiwi, hukopwa.

Megahezi kumi na nne zimekufa na jua.
Nashuka hadi saba,
nalirusha jina lako, Shekue,
lidunde kwenye dari nisiyoiona,
lidunde baharini, lidunde jangwani,
lifike Lushoto limechubuka.

Mkwaruzo. Kisha wewe, nusu:
"Mama ame—"

Ame nini?
Juzi jua lilitema moto; leo kaskazini anga inacheza kijani
na dari yetu inavuja.

Nangoja. Chai imevaa utando.
Saa tisa, kwenu kunapambazuka,
unarudi wazi kana kwamba uko mlangoni:
"Nilisema, mama ameuliza kama unavaa soksi."