Kitufe

Faki Shaame alifika dukani kwangu Wete
Jumatatu, fimbo mbele, simu mfukoni mwa shati,
salamu hazijaisha akasema:
"Bi Mize, lile dude lako limenila asubuhi nzima."

Dude langu: kisanduku cha kuandika kwa sauti.
Unabonyeza, unasema, maneno yanajipanga.
Miezi mitatu nilikihangaikia usiku,
umeme ukikatika namalizia betri.
Nilikipenda. Kiduara chekundu,
kinapepesa kikisikia,
kama taa ya bodaboda inayokata kona.

Akakaa juu ya kreti la soda. Akaiwasha
ile sauti ya mbio mbio inayomsomea kioo.
Kidole kikateleza: *Kitufe.*
Kikateleza tena: *Kitufe.*
Kikarudi nyuma: *Kitufe.*

"Kitufe cha nini?" akauliza.
"Cha kusema? Cha kufuta?
Cha kumpelekea shemeji maneno sijayamaliza?
Napiga hodi mtaa mzima, Bi Mize.
Ndani mna watu, nawasikia.
Hapana anayesema karibu."

Nikaona haya.
Mlango nimeupaka rangi mikono miwili,
wa kuitikia sikumweka.

Tukaanza pale pale, chai ikipoa.
Nikavipa majina: *Anza kusema. Acha. Futa.*
"Na nikishaanza, nitajuaje kama kinanisikia?"
Kinapepesa, nilitaka kumjibu.
Nikalimeza.

Nikakifundisha kutamka: *Nakusikiliza.*
Kumbe kipaza nacho kina masikio:
kikajisikia, kikajiandika,
nakusikiliza nakusikiliza nakusikiliza,
tukacheka hata fundi cherehani wa jirani akachungulia.
"Msikilizaji gani huyu," Faki akasema,
"anamkata mtu kauli?"
Basi nikakipa adabu: kiseme kwanza,
kinyamaze, ndipo kitege sikio.

Ilikuwa karibu na alasiri
alipomwandikia dada yake:
*Nakuja Konde Alhamisi, usinipikie pweza.*
Simu ikamsomea:
*Nakuja kunde Alhamisi, usinipikie pweza.*

Nikanyoosha mkono nimsaidie.
"Wacha," akasema.

Kidole kikashuka taratibu juu ya kioo.
*Anza kusema.*
Kikapita.
*Acha.*
Kikapita.
*Futa.*
Hapo kikatua.