Fomu ya Kumi na Saba

Mafinga, saa moja asubuhi,
ukungu bado umelalia magogo ya misindano.
Begani nina mashine ya kupimia usikivu,
mkononi fomu arobaini:
umri, sikio la kulia, la kushoto,
miaka mingapi kwenye msumeno.

"Kamwene," namsalimu Kiyeyeu.
"Watano," anajibu, "wa mwisho yuko darasa la pili."

Mwenzake ananihesabia kwa vidole: miaka ishirini na miwili.
Viwili havipo; anaanza upya mkono wa pili.

Nampa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza.
Anabonyeza kimya.
Anabonyeza kwa adabu,
kwa kuwa uso wangu unangoja.

Mkewe kaleta uji. Anasema:
mvua ikipiga bati
huniuliza mbona naanua nguo.
Na akiinuka usiku hushika ukuta,
eti dunia imelegea nati.

Mwalimu anataka wangapi kwa kila mia.
Nguo zilizoanuliwa
naziandika pembeni, nje ya kisanduku.

Ndipo msumeno unawashwa.
Namwita wa kumi na nane,
namwita tena,
na sauti yangu mwenyewe
siisikii.