Uchachu

Siku ya ishirini na nane tunawaachisha ziwa.
Mlango wa chuma unagongwa, kelele,
kisha usiku wa kwanza, kimya kibaya.
Hapa Thy, Februari, upepo wa Bahari ya Kaskazini
unapuliza chumvi hadi kwenye vitasa.

Najua kinachofuata kabla sijawasha taa:
harufu, maji ya manjano sakafuni,
mikia iliyolowa, migongo iliyopinda kama ndoana.
Tumbo la nguruwe mchanga halijajifunza ukali.
Maziwa ya mama yalikuwa yakichacha humo taratibu,
yakiweka bawabu mlangoni.
Leo shayiri imeingia bila kubisha,
na nyuma ya shayiri wale wasioonekana,
wawili, wanne, elfu themanini,
kabla sijamaliza kahawa.

Baba alikuwa na unga mweupe wa zinki.
Gunia begani, mkasi, kwisha.
Hakuna aliyehara, hakuna aliyeuliza
unga ule ulikwenda wapi ukishapita matumboni.
Ulikwenda shambani. Ulikaa huko.
Sheria ilipokuja kuufunga
alikunja magunia matupu kwa adabu,
kama nguo za marehemu.
"Zamu yako, Gro."

Bibi Maren hakuijua zinki.
Alimimina horini maji ya jibini ya siku tatu,
akionja kwanza kwa kidole, jicho moja kalifumba.
Sikumuuliza kwa nini.
Nilikuwa na miaka sita, nimeziba pua.

Mimi nina glavu hadi kiwikoni, miwani,
pipa la buluu lenye picha ya mkono unaoungua.
Asidi ile ya sisimizi anapouma,
ile ya maziwa lala, ile ya limau,
na moja inayonuka siagi iliyosahaulika kabatini;
kwa ajili yake Anker hunivua nguo mlangoni,
wala si kwa mapenzi.
Nilijaribu kilo kumi kwa tani:
walinusa, wakanitazama
kama wageni waliotiliwa chumvi kwenye chai.
Nne: mikia ikalowa tena.
Sita, basi. Sita na subira.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Saa nane za usiku natafuna vidonge vya chokaa
nizime moto unaonipanda kifuani.
Mchana nawamiminia wao ukali,
usiku naukimbia wangu.
Daktari Tøger anasema ni kahawa.
Hajaiona barua ya benki.

Wiki ya tatu, mizani:
gramu mia tatu arobaini kwa siku,
na kinyesi kigumu, kimejikunja vizuri.
Nani angedhani kinyesi kingenifanya
nimpigie simu Baba?
Alinyamaza. "Zinki ilifika mia nne."
"Najua."
"Lakini lile shamba," akasema,
na hakumalizia.

Sijidanganyi. Lori litakuja Julai.
Siwatibu ili wazeeke;
nawatibu ili siku walizo nazo
zisiwe za kuhara gizani.
Ni kidogo. Ndicho kilichomo pipani.

Yule dhaifu, wa sikio lililochanika,
anainyonya glavu yangu. Naivua.
Analamba kidole kitupu, chenye vumbi la chakula,
anakunja pua,
anarudi kulamba.